Majarida ya Fundi Kasyoki

Riruta, Nairobi
12 Januari 2025

Mpwa wangu Kasiva,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema "natumai hujambo". Leo sitasema hivyo. Mama yako ana mwezi mmoja tu ardhini, na sijui mtu huwa hajambo vipi kwa mwezi mmoja. Sisi huku tunakula na kulala. Goti la mke wangu bado linamsumbua. Musembi, binamu yako, amepata kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi kule Kilimani, na tangu apewe ile kofia anatembea kama yeye ndiye mwenye jengo. Baada ya mwaka mpya nilifika Makueni kulitazama kaburi. Limetulia, halijatitia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Sista Mlezi aliniambia ninyi wanovisi, mnaojiandaa kuwa masista, hamshiki simu, na barua mnapewa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mimi ni karani mstaafu wa masijala ya serikali, maisha yangu yote nimeyamaliza kati ya faili, kwa hivyo karatasi hainitishi.

Jambo lenyewe ni hili. Njuguna, mwenye ploti, anabomoa vibanda vyote vya mabati vya pale barabarani ili ajenge ghorofa. Duka la ushonaji la dada yangu Kasyoki, mama yako, liwe tupu kufikia mwisho wa Mei. Cherehani imeshakwenda kwa kanisa la nyumbani, kama alivyotaka. Yaliyobaki ni majarida. Unayajua kuliko mimi: ya mitindo, ya akina mama, ya kanisa, mengine ya kabla hujazaliwa, yale waliyofunua wateja wakichagua mshono. Yamepangwa nyuma ya pazia mpaka darini. Wewe ndiye mtoto wake wa pekee, kwa hivyo ni yako. Niyauze au niyatoe? Niambie.

Na ukipenda, niambie kwa nini hukuja kumzika. Usipopenda, acha.

Mjomba wako,
Ndambuki


Nyumba ya Malezi, Lumakanda
2 Februari 2025

Mjomba Ndambuki,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na mama watoto na goti lake. Mpe Musembi pongezi. Hapa mvua haijaanza. Tumepanda kabichi na ng'ombe mmoja amezaa. Niko zamu ya jikoni.

Naendelea vizuri. Wenzangu huniuliza kama nimelia, nawajibu bado. Si kwamba najizuia. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, naona uko pale lakini siusikii. Nasali kwa saa zilizopangwa, naosha vyombo, nalala.

Kuhusu majarida, fanya utakavyoona. Nadhiri zangu za kwanza ni tarehe kumi na tano Agosti, na kabla ya hapo natakiwa nitie sahihi kwamba sina mali yoyote. Kwa hivyo yakiondoka mapema ni vizuri. Kuuza, kutoa, kwangu ni sawa.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Kasiva


Lumakanda
2 Machi 2025

Mjomba,

Leo sikupata barua yako. Labda iko njiani. Natumai nyote wazima huko, na kwamba Musembi bado anaivaa kofia yake. Kabichi zimeshika. Mvua ilianza juzi.

Nilikuwa napalilia nikakumbuka jambo ambalo ningekuandikia mwezi uliopita. Ndani ya majarida utakuta vipande vya kitambaa vimebanwa kwa pini. Hivyo si takataka. Mteja akichagua mshono, Mama alikunja kona ya ukurasa. Nguo ikiisha, hakukibana kipande siku hiyo. Alikuwa na sheria yake: mwenye nguo aivae kwanza, aende saluni ya Phoebe pale mlango wa pili, ajigeuze mbele ya kioo, arudi aseme, "Imenikaa." Ndipo Mama alipokata kipande kwenye mabaki na kukibana kwenye ukurasa ule ule. Asiposema imenikaa, nguo ilifumuliwa ikaanza upya. Mimi nilikaa chini ya meza ya kukatia, kazi yangu kumpa pini.

Nguo ya harusi ya Phoebe imo humo. Gauni langu la kipaimara limo. Kwa hivyo yeyote atakayeyachukua, mwambie asiviondoe vipande. Kipande kikitoka kwenye ukurasa wake hakuna tena wa kujua kilikuwa cha nani.

Ni hilo tu. Bado sijalia.

Kasiva


Riruta
5 Machi 2025

Mpwa wangu,

Barua yako ya Februari ilifika. Umesema kwako yote ni sawa, basi nimeanza kazi. Salamu za nyumbani ni zile zile, isipokuwa mvua imeingilia choo cha ploti na Njuguna anasema hatengenezi kitu anachokibomoa. Phoebe bado yuko kwao Vihiga, anamuuguza mama yake. Aliondoka wiki moja kabla ya msiba na saluni yake imefungwa hadi leo.

Musembi amenitafutia mnunuzi. Ni msichana wa kule Kilimani aitwaye Maurine, anapamba mikahawa. Huchukua kurasa za zamani akazitia kwenye fremu, watu wakanywa kahawa wakiziangalia. Alikuja na gari, akaketi sakafuni na suruali yake nyeupe, akafunua jarida moja baada ya jingine. "Uncle, hizi za seventies ni moto kabisa," akaniambia. "Nachukua zote. Lakini hizi vipande za nguo zitoke, zinaharibu page." Pesa zake zingetosha kuweka msalaba wa saruji kule kaburini, na baki ikarudi kwako uigawe unavyotaka.

Wa pili ni mwalimu wa darasa la ushonaji la parokia kule Dagoretti, karibu na soko. Hana pesa. Ana wasichana wanaojifunza kukata gauni kwa kuchora ubaoni, na anasema angepiga magoti kupata majarida haya. Nilimwambia asipige, sakafu yetu ni mbaya.

Sijaamua. Lakini awe huyu au yule, hayawezi kutoka katika hali ile. Unajua kazi yangu. Faili haikuingia kabatini kwangu ikiwa na pini, kwa maana pini hushika kutu na kutu hula karatasi. Makarani wadogo walinichukia kwa hilo. Basi kila siku baada ya chai naenda dukani, nakaa kwenye stuli ya mama yako, natoa pini, kitambaa natia kwenye gunia, naunyoosha ukurasa. Nimebakiza safu moja. Sijui alikuwa na maana gani kubana matambara kila mahali, lakini sasa kurasa zinapumua.

Kusema kweli, nikiwa kwenye stuli ile sifikirii kitu. Ni mahali pekee ambapo sifikirii.

Ndambuki


Riruta
17 Machi 2025

Kasiva,

Sina salamu leo. Barua yako ya tarehe mbili nimeipata asubuhi hii. Nimeisomea pale pale posta nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena.

Nimeshavitoa vyote. Nilimaliza siku nane zilizopita. Gunia limejaa na nimelifunga mdomo kwa kamba, vizuri, kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Leo mchana nimelimwaga sakafuni nikajaribu kuvirudisha. Nilifikiri kitambaa chekundu kitapata gauni jekundu. Haikuwa hivyo. Mama yako aliiga mshono, hakuiga rangi. Kwenye picha mzungu amevaa njano, na mama ya mtu hapa Riruta akashonewa ile ile kwa maua ya zambarau. Kurasa zina matundu ya pini, na kutu pembeni mwake, na matundu yote yanafanana. Nimerudisha vipande saba, na hata hivyo saba siwezi kuviapia.

Maurine nimemwambia asubiri. Darasa la Dagoretti pia.

Kuna kitu kimoja tu ninachokikumbuka. Vitambaa viwili vya samawati vilikuwa kwenye pini moja. Kwingine kote ni kipande kimoja, pini moja. Kimoja ni kizito, kingine chepesi, na rangi zimekaribiana mpaka nilidhani ni kitu kimoja kimekunjwa. Pini yake ilikuwa mpya, haina kutu. Hivyo viwili nimeviweka kando, ndani ya kikombe. Vilitoka ukurasa upi, sijui.

Mama yako alikuwa akiniambia nina mikono ya serikali. Nilidhani ananisifu.

Ndambuki


Lumakanda
6 Aprili 2025

Mjomba,

Barua zako mbili nimepewa pamoja. Nilisoma ya kwanza, ile ya kurasa zinapumua, nikainuka kwenye benchi. Ya pili niliisomea nje.

Nimekasirika. Nimekukasirikia sana, Mjomba. Naliandika neno hili wazi kwa sababu ni kitu cha kwanza ninachokihisi tangu Desemba, na sitaki kukificha kwa adabu. Ulipewa duka zima, ukaona uchafu. Nami nimejikasirikia, kwa kuwa niliandika kwamba yote ni sawa.

Sasa niambie kuhusu vile viwili. Kile kizito nakijua. Kimetoka kwenye kitambaa cha nguo yetu ya unovisi. Nilikikata mwenyewe Agosti iliyopita nikakitia ndani ya barua. Nilimwandikia: Mama, siku yangu ya nadhiri imepangwa, hii ndiyo rangi yetu, na hapa akina mama wa masista huvaa inayofanana nayo wakaketi mstari wa mbele. Utakuja?

Hakunijibu. Septemba hakunijibu, Oktoba hakunijibu. Desemba nikaitwa ofisini nikaambiwa ameanguka dukani.

Uliniuliza kwa nini sikuja. Ruhusa nilipewa, na nauli, na Sista wa kunisindikiza. Lakini siku niliyoondoka nyumbani Mama alisimama mlangoni akasema, "Usirudi hapa ukiwa umevaa nguo yao." Nami sina nguo nyingine, Mjomba. Nyingine zote niligawa nilipoingia. Nikaona nisimjie nayo akiwa hawezi tena kunifukuza.

Kwa hivyo fikiri vizuri. Kama pini ile ilikuwa pembeni, kwenye tangazo la sabuni au ukurasa wa hadithi, basi alikihifadhi tu, kwa vile hakuwahi kutupa kitambaa. Kama ilikuwa kwenye ukurasa wa gauni, basi alishona. Na kama alishona, alikuwa anakuja.

Sista Mlezi ameniuliza kama nitaweza kuweka nadhiri Agosti. Nimemjibu sijui. Siwezi kwenda mbele ya altare na mlango ule mgongoni mwangu.

Ilikuwa ukurasa gani?

Kasiva


Riruta
23 Aprili 2025

Mpwa wangu Kasiva,

Pasaka imepita salama. Mke wangu alipika wali na kuku, tukaweka sahani ya mama yako bila kukusudia, kisha Musembi akaila kwa sababu ilikuwa pale. Hasira yako nimeipokea. Ni haki yako, na sina la kujitetea.

Ukurasa sikumbuki. Nimekaa kwenye ile stuli wiki nzima nikifunua jarida baada ya jarida nikitafuta tundu la pini lisilo na kutu. Karatasi haina huruma. Nimekosa.

Jana Phoebe alirudi kutoka Vihiga. Mama yake amepona. Alikuja dukani na mizigo yake hata kabla ya kufungua saluni, akanipa pole, akalia kidogo, akajipangusa. Kisha akauliza, "Ndambuki, na ile gauni ya blue iko wapi? Nipatie nimwekee Kasiva."

Nikamuuliza gauni gani.

"Ya Mama Kasiva! Si tulienda na yeye town November kutafuta hiyo material. Ghai, alinitembeza Biashara Street yote. Anaingia duka, anatoa kale kakipande kwa pochi, anaweka juu ya kitambaa, anasema hii si hiyo. Anatoka. Duka ingine, hii si hiyo. Yule Mhindi wa mwisho akamwambia, mama, blue ni blue. Mama Kasiva akamwambia, si ya mtoto wangu."

Alishona mwenyewe, Phoebe anasema, usiku wateja wakiisha kwenda. Gauni la mikono mirefu, kola ndogo. Siku ya kwanza alienda kwenye kile kioo hakulipenda, akalifumua mabega. Mara ya pili alijigeuza, akajigeuza tena, akasema, "Imenikaa. Nitaenda nayo kwa Kasiva." Akarudi dukani, akabana kipande pamoja na kile chako. Phoebe alimwambia akuandikie. Akakataa. "Nilimfungia mlango na mdomo," akasema. "Acha anione na macho."

Phoebe akarudia, "Sasa iko wapi?"

Kasiva, siku tulipokwenda mochari na nguo za kumvisha, mke wangu alifungua kabati la mama yako akakuta gauni la samawati limening'inia peke yake, limepigwa pasi. Alisema, hili ni jipya, wala halijavaliwa popote, ndilo linalomfaa. Nikasema sawa. Tulimzika nalo.

Nilipomwambia Phoebe aliketi juu ya majarida akafunika uso. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na mtaro mpaka Njuguna akaja kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Alikuwa anakuja, mpwa wangu. Hilo unaweza kulisimamia.

Ndambuki


Lumakanda
5 Mei 2025

Mjomba,

Salamu kwa wote, na Phoebe kwanza.

Jana nilisoma barua yako kabla ya zamu. Niliosha sufuria mbili. Ya tatu ikanishinda, nikaketi chini na povu mikononi nikalia kwa sauti, mpaka Sista wa jikoni akaja mbio akidhani nimejikata. Nililia mpaka sala ya masifu ya jioni na baada yake. Leo macho yameniuma siku nzima na nimefurahi kwamba yananiuma.

Namwona akiwa amelivaa lile gauni. Ndivyo alivyolala, kwa hivyo siku yangu anaijua. Mke wako hakukosea hata kidogo, mwambie hivyo, asije akajilaumu.

Nimeamua. Majarida yaende Dagoretti, pamoja na gunia. Mwalimu awaruhusu wanawake wa Riruta waje watafute vyao. Ambavyo havitapata wenyewe, wasichana wajifunzie kubana. Maurine mwambie pole kwa kumsumbua. Msalaba wa mbao unatosha kwa sasa. Karatasi ya kwamba sina mali nitaitia sahihi mwezi ujao.

Nitaweka nadhiri Agosti. Kiti cha mstari wa mbele nimewaambia wakiache tupu.

Nilikuwa na hasira nawe. Imeisha.

Kasiva


Riruta
8 Juni 2025

Mpwa wangu Kasiva,

Huku baridi imeingia na goti la mke wangu limeongeza bei. Nilimpa ujumbe wako, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Duka halipo tena. Njuguna alileta tingatinga Jumatatu, na kufikia saa nne pakawa wazi kabisa, unaona mpaka reli.

Majarida yamefika Dagoretti kwa mkokoteni, mimi nikitembea nyuma kama anayesindikiza bibi harusi. Jumamosi iliyofuata wanawake walikuja. Walimwaga gunia kwenye meza ya kukatia na nilidhani wangelia. Waligombana. Wawili walishikana kwa kipande kimoja cha kijani, kila mmoja akisema ni cha ubatizo wa mtoto wake, mpaka mwalimu akachukua mkasi akakigawa. Phoebe alipata cha harusi yake, akaupata na ukurasa, akakibana mwenyewe. Kipande cha gauni lako la kipaimara nimekirudisha mimi, kwa sababu gauni hilo ulilivaa nikiwapo. Vilivyobaki ni vingi. Wenyewe wamehama, wengine wamekufa.

Maurine alisikia akaja kuona. Hakununua kitu. Alikaa na wale wanawake mpaka jioni akisikiliza nani alivaa nini.

Sasa sikiliza. Kitambaa cha lile gauni la mama yako kilibaki. Phoebe alikuwa nacho kwenye droo ya saluni, chini ya mataulo, mama yako alikificha huko ili mimi nisikione nikaanza kuuliza. Hakitoshi gauni. Niliwapelekea wale wasichana wa Dagoretti nikawaambia wanishonee shati. Ni wa mwaka wa kwanza. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake na kola inatazama dirishani. Mwalimu aliona aibu akataka kulifumua, nikamkataza.

Kile kiti usikiache tupu. Nitakuja na basi la tarehe kumi na nne, nitaketi mstari wa mbele na akina mama, na atakayecheka acheke.

Vile vitambaa viwili viko mfukoni mwangu, kwenye pini yao ile ile. Mwalimu amenitengea ukurasa. Sijavibana. Nangoja Agosti uniangalie vizuri, nijigeuze, useme kama imenikaa.

Mjomba wako,
Ndambuki